Aliyefunzwa na Aliyejifunza

Mtoto akirudi kutoka shuleni huulizwa na mzazi wake, "Leo umejifunza nini?" Haulizwi amefunzwa nini. Darasani kulikuwa na mwalimu, ubao, chaki, na pengine fimbo, lakini lugha yetu inashikilia kwamba aliyeifanya kazi ile ni mtoto mwenyewe: amejifunza, yaani ameifunza nafsi yake. Katika mzizi huohuo tunapata kufunda, kufundisha na fundi. Wala fundi katika Kiswahili si mtu mwenye karatasi. Ni mtu ambaye ukimpa mbao anakurudishia kiti, nawe ukikikalia kiti hicho hakivunjiki.

Nimeanza na maneno kwa sababu maneno ndiyo yaliyonichelewesha kuliona jambo lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 nilifanya kazi ya usanifu wa michoro, yaani mabango, majalada ya vitabu, kalenda, nembo, na karatasi za kufungia sabuni na majani ya chai. Katika kazi hiyo kuna ugomvi wa siku nyingi usiokwisha: ni nani msanifu wa kweli, yule aliyekaa chuoni akahitimu, au yule aliyejiokotea kazi mwenyewe barabarani? Waliosoma hujibu kwamba asiyesoma hubahatisha. Wasiosoma hujibu kwamba kipaji hakifundishwi, na kwamba msomi ni hodari wa kueleza kazi asiyoweza kuifanya. Mimi nimewahi kusema yote mawili, kila moja kwa wakati wake, kutegemea nani alikuwa akinisikiliza. Leo nataka kulijibu polepole, kwa kuwa yupo mtu ambaye nina deni lake, na deni lenyewe limo ndani ya swali hili.

Tulimwita Fundi, nami sitamtaja kwa jina jingine. Nilimkuta mwaka 1979 katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Dar es Salaam, mimi nikiwa nimetoka kidato cha nne, yeye akiwa amekwisha kupita miaka 40. Alisoma hadi darasa la nne. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akiandika vibao vya maduka Kariakoo na Ilala, majina ya malori, na bei za vyakula kwenye kuta za mikahawa. Kiwandani walimchukua kwa sababu herufi zetu za risasi hazikuwa na ukubwa wa kutosha kwa mabango, na mkono wake ulikuwa ukitoa herufi zilizonyooka kana kwamba zimepigwa chapa.

Mimi nilipewa kazi ya kumsafishia brashi. Baadaye akaniachia nishike ncha ya kamba ya chaki, ile inayovutwa ikagongwa ukutani ili iache mstari. Baadaye tena, pengine baada ya miezi sita, akaniachia niandike neno moja. Sikumbuki neno lilikuwa nini. Nakumbuka tu kwamba lilikuwa na O ndani yake, nami niliifunga O ile barabara kati ya mistari miwili kama nilivyozifunga herufi nyingine. Akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Iache ivimbe kidogo. Juu ipite mstari, na chini ipite."

"Kwa nini, Fundi?"

"Ukiifunga itanyauka."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yote, na kwa miaka mitano sikupata mengine. Nilitii. O zangu zikavimba, zikapendeza, nami sikujua ni kwa nini.

Mwaka 1984 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Nafasi ilikuwa moja, na fomu ilidai cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo hapakuwa na mashindano. Katika wiki ya pili mwalimu alichora ubaoni mraba na duara vyenye kimo kimoja, akatuuliza kipi ni kikubwa. Sote tukasema mraba. Akapima kwa rula mbele yetu, tukaona ni sawasawa. Ndipo akatueleza kwamba jicho hulipunguza umbo la mviringo, kwa hiyo herufi za mviringo hazina budi kupita mstari kidogo ili zionekane sawa na wenzake. Nilicheka peke yangu hata jirani yangu akanitazama. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita, kwa gharama za watu, kuja kuambiwa kwamba O ikifungwa itanyauka.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wasioipenda shule wangefurahi. Lakini si haki kuishia hapo, kwani mwalimu yule aliendelea. Kwa kanuni ileile ya jicho kutokuwa rula, alituonyesha kwa nini mstari wa kulala wa herufi H huchorwa mwembamba kidogo kuliko ya kusimama, maana ukichorwa sawa utaonekana mnene. Alituonyesha kwa nini kiuno cha B hukaa juu kidogo ya katikati halisi. Mambo hayo Fundi aliyajua pia. Nilipokumbuka vibao vyake niliyaona yote. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amelinunua kila moja peke yake, kwa kibao kilichoharibika na mteja aliyekataa kulipa. Mimi nilipewa yote yakiwa yamefungwa kwa kamba moja, asubuhi moja, na kamba hiyo ningeweza kuivuta hadi kwenye herufi ambazo sijapata kuziandika. Yamkini hiyo ndiyo faida kubwa ya shule: humpa mtu hasara za watu wengine bila kumtoza.

Walakini, mwalimu yule aliyajua hayo kutoka kwa nani? Naye alifundishwa. Na aliyemfundisha? Tukirudi nyuma hivyo, hatimaye tunamkuta mtu asiye na cheti. Uingereza ile ile yupo Edward Johnston, aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh akauacha. Hakuwa na mwalimu wa herufi. Alikwenda kuitazama miswada ya kale katika British Museum, akachonga kalamu zake, akajaribu na kukosea mpaka akagundua jinsi wale waandishi wa zamani walivyoshika mkono. Mwaka 1899 akapewa darasa la kufundisha katika Central School of Arts and Crafts jijini London. Herufi alizosanifu kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya jiji hilo zilianza kutumika mwaka 1916. Zimefanyiwa marekebisho, lakini abiria wa London wanazisoma hadi leo. Huyo ndiye baba wa madarasa mengi ya herufi duniani, na darasa lake la kwanza lilikuwa la watu kujifunza kutoka kwa mtu aliyejifunza.

Na huku kwetu? Shule ya sanaa ya Makerere, iliyomlea Sam Ntiro wa Machame kabla hajakwenda Slade huko London na kabla hajawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko huko London, ilianzia kwenye baraza ya nyumba ya Margaret Trowell katika miaka ya 1930. Kwa upande wa pili yupo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao wa dari. Hakwenda chuo chochote. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji.

Hapa napenda kutoa onyo dogo. Watu humtaja Tingatinga kana kwamba alichora kama ndege anavyoimba, na wanunuzi wa kigeni hasa hupenda kuambiwa kwamba msanii hakusoma, kana kwamba kutosoma ni kiungo cha chakula. Hiyo nayo ni dharau, ingawa imevaa nguo za sifa. Nao waliomfuata, wengi wakiwa ndugu na jamaa zake, hawakujifunza peke yao: walikaa karibu naye, wakatazama, wakapaka, wakasahihishwa. Kinachokosekana hapo ni jengo na cheti tu. Hata Fundi wangu, nilipombana siku moja aniambie nani alimfundisha, alisema hakufundishwa na mtu. Kisha baada ya kimya kirefu akasema kwamba ujanani aliwahi kumwoshea brashi mwandika vibao mmoja Mhindi, na kwamba alimwibia kazi kwa macho. Kwa hiyo mtu aliyejifunza peke yake kabisa mimi sijamwona bado. Nimewaona walioalikwa mezani na walioibia dirishani.

Sasa nije kwenye kijiko, maana bila kijiko haya yote ni mazungumzo ya barazani.

Niliporudi kutoka masomoni nilifanywa mkuu wa chumba cha michoro. Fundi akawa chini yangu. Hakusema lolote ila alianza kuniita "Bwana mkubwa", kwa sauti ambayo sikuweza kuishtaki. Haukupita muda tukaletewa kazi ya bango la afya, la kuwaelekeza kina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Bango lilitakiwa lieleweke hata kwa asiyejua kusoma, kwa hiyo liwe la picha tupu. Nilifurahi sana. Hii ndiyo kazi niliyosomea. Nilichora chupa ya maji, nikachora vijiko 6 vya sukari vimejipanga, na kwa chumvi nikachora kijiko kimoja kilichokatwa katikati. Nusu kijiko. Lilikuwa bango safi, lenye nafasi nyeupe ya kutosha na rangi mbili tu. Wateja walilisifu, mkuu wa kiwanda alilisifu.

Nakala ya majaribio ilipotoka mashineni, Fundi aliichukua bila kuniuliza, akatoka nayo nje. Nilimwona dirishani akivuka barabara hadi kwa mama aliyekuwa akituuzia chai na maandazi karibu na lango. Nilikasirika. Nilimfuata nikiwa na maneno yangu tayari, juu ya nidhamu ya kazi na juu ya nakala zisizoruhusiwa kutoka nje. Nilipofika, mama alikuwa ameishika karatasi mbali na uso kidogo, akiitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii picha mmeichora vizuri. Lakini mbona kijiko cha chumvi kimevunjika?"

Nilimweleza kwamba hakikuvunjika, ni nusu.

"Nusu ya kijiko," alisema. "Ndiyo naona, mpini hakina. Basi mtu atachotea hiki hiki kilichobaki. Kitajaa tu."

Nilisimama pale nikahisi jasho. Mama alikuwa amekiona kile kilichokuwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimeona kile kilichokuwa kichwani mwangu. Kijiko kisicho na mpini, ukikijaza, kinatoa chumvi ya kijiko kizima. Mtoto ambaye mwili wake umekwisha kukauka angepewa chumvi maradufu, na chumvi ikizidi katika maji hayo inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumwokoa. Na jina la kiwanda chetu lingekuwa pale chini kwenye kona, kwa herufi ndogo nadhifu, O zake zikiwa zimevimba inavyotakiwa.

Fundi hakunicheka. Alimwuliza yule mama, "Wewe ukitaka nusu unafanyaje?" Akachukua kijiko, akachota sukari, akausawazisha uso wake kwa kisu, kisha kwa ncha ya kisu hichohicho akaigawa katikati akairudisha nusu koponi. Ndivyo tulivyochora: kijiko kizima, kisu, na nusu ya chumvi ikisukumwa itoke. Bango lilipoteza ule usafi wake. Mkuu wa kiwanda alisema la kwanza lilikuwa zuri zaidi, na kwa macho ya chuo alisema kweli.

Je, Fundi alijua kwamba kijiko kina kosa? Nilimwuliza. Alisema hapana, yeye pia alikiona ni nusu, lakini katika vibao vyake alikuwa na desturi ya kumwita mpita njia na kumwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" kabla rangi haijakauka, maana rangi ikikauka hasara ni yake. Mimi chuoni kazi yangu ilikuwa imepimwa na walimu wawili na wanafunzi wenzangu 14, wote wakiwa watu waliozoea kusoma picha kama nilivyozoea mimi. Hakuna hata siku moja alipoingia mtu mwenye mtoto anayeharisha.

Msomaji asidhani kwamba Fundi alikuwa mtakatifu wa hadithi. Mwaka uliofuata alituharibia kalenda. Ilikuwa na nyekundu iliyopakana na buluu, naye ndiye aliyekata filamu za rangi hizo. Nilimwambia aache rangi moja iingie chini ya nyingine kidogo, maana karatasi hunyonya maji ya mashine ikatanuka, na rangi zikikatwa bila kupishana huacha uzi mweupe katikati. Alisema jicho lake halihitaji kupishana. Zilitoka nakala 3,000 zenye uzi mweupe. Alisema karatasi ilikuwa mbovu. Mwaka mwingine alikata vivyo hivyo tena. Alikuwa akisikia kila nilichosema, lakini kwake kuambiwa kwamba kazi ina kosa kulikuwa sawasawa na kuambiwa kwamba yeye mwenyewe ana kosa. Kila alichokijua alikipata kwa ngozi yake, kwa hiyo ukikigusa umemgusa yeye.

Hili nalo shule ilinipa, na sikulithamini wakati ule. Kila Ijumaa kazi zetu zilibandikwa ukutani, na wenzetu wakazirarua kwa maneno mbele yetu. Wiki za kwanza nilikuwa nikirudi bwenini nikiwa sitaki kula. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa naweza kusimama kando ya kazi yangu nikaitazama pamoja na anayeilaumu, kana kwamba imefanywa na mtu mwingine. Mtu anayejifunza dirishani hapati nafasi hiyo. Yeye akikosea hufukuzwa au hukosa chakula cha jioni. Basi hujifunza kutokiri. Ubishi wa Fundi, ambao tuliuita tabia yake, naona sasa kwamba ulikuwa ni kovu.

Kompyuta zilipokuja tulisawazishwa wote kwa muda. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na hata baada ya masharti kulegezwa zilichukua miaka kufika kwenye viwanda kama chetu. Sisi tulipata Macintosh mwaka 1991, ikiwa na programu ya PageMaker, ambayo kwa wenzetu wa nje ilikuwapo tangu mwaka 1985. Hakuna aliyekuwa na cheti cha mashine ile, wala aliyekuwa na uzoefu nayo. Aliyeifungua kwanza alikuwa kijana wa dereva wetu, ambaye hakuwa hata mfanyakazi. Alikuwa akimletea baba yake chakula. Nilikaa karibu naye nikafundishwa, mimi mkuu wa chumba. Fundi alilitazama jina lililoandikwa kwenye kioo kwa herufi kubwa, akasema, "A na V zimegombana," akaenda zake. Zilikuwa zimegombana kweli; zilikaa mbalimbali, nasi hatukuwa tumeliona hilo.

Mwaka 1996 kiwanda kilitakiwa kupunguza watu. Kila mkuu wa chumba alipewa fomu ya kuorodhesha walio chini yake. Ilikuwa na safu nne: Jina, Umri, Mwaka wa Kuajiriwa, Sifa. Hebu litazame neno hilo la mwisho. Katika ofisi zetu sifa maana yake ni vyeti. Tangazo la kazi husema "sifa za mwombaji" na kila mtu huelewa kinachotakiwa. Lakini neno ni lilelile tunalotumia kwa wema wa mtu unaotajika, na kwa jambo analosifiwa nalo. Nilijaza majina sita. Nilipofika kwa Fundi niliandika jina, umri, mwaka, na katika safu ya nne nikaandika: Hana.

Sikudanganya. Asiyeamini aende akaulize; mtu yule hakuwa na cheti hata kimoja. Nami nilikuwa na watoto wanne, na tulisikia kwamba anayebishana na fomu anaweza kujikuta ndani yake. Ningeweza kuandika mstari mmoja pembeni, juu ya kijiko, juu ya wale vijana wote waliopita mikononi mwake nami nikiwa wa kwanza. Pembeni palikuwa na nafasi. Sikuandika. Jina lake lilikuwa la kwanza kukatwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni hiyo safu ya nne.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba kosa lilikuwa la fomu. Siku hizi naona hivi. Cheti ni ushahidi. Kinamwambia mtu asiyekufahamu kwamba wapo waliokupima wakaridhika, na kwa mgeni huo ni msaada mkubwa, kwani hawezi kukaa miaka mitano akitazama O zako. Sina ugomvi na cheti kinapozungumza na mgeni. Lakini mimi sikuwa mgeni kwa Fundi. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake, tena shahidi pekee mwenye kalamu, na nilikiachia kipande cha karatasi kisichokuwapo kiseme badala yangu. Anayemjua mtu halafu akamhukumu kama asiyemjua amefanya jambo ambalo sijapata neno lake, ila najua kwamba si uongo na si kweli.

Mambo yamebadilika, na mengine kwa heri. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza nje ya vyuo na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao tayari. Mchora katuni maarufu Gado aliuacha usomi wa ujenzi wa majumba katika Chuo cha Ardhi akaenda Nairobi kuchora magazetini mwaka 1992, na hakuna anayemdai cheti. Vijana katika steshenari za Kariakoo wanasanifu kadi za harusi kwenye simu, na walimu wao wako kwenye video, mbali kabisa, wasioweza kuona wanafunzi wao wanakosea wapi. Nikipita huwa natazama O zao. Nyingi ziko sawa, kwa sababu aliyeisanifu herufi ile alikwisha kuivimbisha kwa niaba yao. Wao hawana habari, kama mimi nilivyokuwa sina. Nikiwauliza wamemwonyesha nani kabla ya kuchapa, hunijibu, "Mteja, mzee." Mteja nami nilimwonyesha.

Fundi alirudi kwenye vibao. Mwaka 2003 nilimtafuta Temeke, nikamkuta akiandika ukuta wa duka la dawa, amezeeka, mkono wa kulia akiuegemeza kwenye kijiti kwa sababu ulikuwa umeanza kutetemeka. Nilikuwa nimebeba bahasha. Hakuipokea, wala hakuikataa. Alisema niiweke pale juu ya kopo la rangi. Nikamwambia habari ya fomu, yote, pamoja na neno nililoandika. Aliendelea kukoroga rangi.

"Uliandika kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono, Fundi."

"Herufi zilikaa vizuri?"

Nikamwambia zilikaa vizuri. Akafuta mikono, akanipa ncha moja ya kamba ya chaki, naye akaenda na ile nyingine mpaka mwisho wa ukuta.